Namba Isiyopewa Mwingine

Napenda vitu vinavyojibu kwa kifupi. Ukiniuliza kwa nini nimeota mvi mapema, nitakuambia ni watu. Unamuuliza mtu wa Butembo kama mlango umefungwa, naye anaanza kukueleza seremala aliyeutengeneza, mbao zilitoka wapi, na jinsi seremala huyo alivyomkosea heshima mjomba wake. Televisheni za Nassoro hazikuwa hivyo. Niliziandikia mstari mmoja nikiwa hapa karakana: herufi mbili, namba ya televisheni, kisha moja ya kuwasha au sifuri ya kuzima. Mstari ulikwenda mpaka Beni, ukaingia kwenye waya, na televisheni yenye namba hiyo ikawaka. Kisha ikanirudishia neno lake moja, OK. Haikuniuliza habari za nyumbani.

Nassoro ni mfanyabiashara wa Beni, ana malori na ana ukumbi wa sherehe kule mtaa wa Beu. Miaka minne iliyopita alituita, mimi na mwalimu wangu Papa Mathe, tumfungie televisheni tano ukumbini. Alitaka kila moja iwe ndani ya wavu wa chuma, juu karibu na dari, kwa sababu wageni wa harusi zake walikuwa na mikono mirefu. Rimoti zote tano zilipotea kabla mwezi haujaisha. Papa Mathe alikuwa amelitazamia hilo. Alishavuta waya kutoka televisheni ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, hivyo hivyo mpaka ya tano, na mwanzo wa waya akaufunga kwenye kisanduku cha intaneti, ili tuziongoze zote kwa maandishi tukiwa Butembo. Barabara ya Beni si salama, huipiti kwa sababu tu televisheni imekataa kuwaka.

Jambo moja tu alilisisitiza. Waya ni mmoja, kwa hiyo kila amri inasikiwa na televisheni zote. Inayotii ni ile iliyoitwa kwa namba yake. Ukiwapa wawili namba moja, wataitika wote wawili kwa pamoja na hutamwelewa hata mmoja.

Mwezi wa pili mwaka huu radi ilipiga Beu. Televisheni ya kwanza na ya pili zilipoteza sauti, zikabaki na picha tu. Ya tatu, iliyokuwa katikati mbele ya ukumbi, ilikufa kabisa. Kasonia, mlinzi wa pale, aliishusha, akaunga waya wa pili na wa nne, na lori la Nassoro likaileta karakana. Papa Mathe akaiweka juu ya rafu, kati ya redio zinazongoja vipuri.

Sasa nilikuwa na moja, mbili, nne, tano. Kila asubuhi nilipojaribu ukumbi ule, kompyuta ilifika kwenye tatu, ikangoja jibu, ikangoja tena, kisha ikaniandikia kosa kwa rangi nyekundu. Ile nyekundu ilinikera kupita kiasi. Nilimwambia Papa Mathe tupange namba upya, pengo liondoke. Alikuwa anachomea risasi kwenye ubao wa redio, hata macho hakuinua.

“Namba ya mwenye haiko, hapana kupatia mwengine,” alisema. “Ya tatu iko mugonjwa tu. Itarudia.”

Nikasema moyoni kwamba mzee amechoka. Alasiri moja alipokuwa amekwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya yake, niliandika mistari miwili. Ya nne ikawa ya tatu, ya tano ikawa ya nne. OK, na OK. Orodha yangu ikawa safi, moja mpaka nne, bila wekundu. Sikumwambia. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo mimi nilijiona nina kichaka.

Sijasema jina langu. Naitwa Kitsa. Kwetu Wanande jina la kuzaliwa halichaguliwi kwa kupendeza. Linasema umetoka wa ngapi tumboni mwa mama yako, na umemfuata nani. Kitsa ni mtoto anayewafuata mapacha. Ndiyo sababu tangu shuleni kila anayenisikia nikiitwa huuliza mapacha wangu wako wapi, nami nimezoea kujibu kwamba walikufa wakiwa wachanga, kisha naulizia bei ya kitu chochote kilicho karibu.

Baba yangu, mzee Kahongya, alikufa Jumatano moja ya mwezi wa sita, hapa Butembo, asubuhi, akiwa amekaa anafunga kamba za viatu. Alikuwa mtu wa Kalunguta aliyekuja mjini kuuza maharagwe akabaki. Hata alipozeeka, kila mwaka kabla ya mvua aliomba pikipiki impeleke Kalunguta siku moja, na jembe lake kwenye gunia. Tukimwambia shamba lile tulishaliuza karibu lote, alijibu kwamba anakwenda kuangalia maharagwe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nadhani nilimrithi hapo, ila yeye hakuwa na hasira yangu.

Mama hakuwa nyumbani. Tangu wiki tatu alikuwa Beni kwa dada yangu Kavira, akitibiwa mguu uliovimba. Siku ile ile ya Jumatano barabara ilifungwa. Magari yaliambiwa yangoje msafara wa askari, na hakuna aliyejua msafara utatoka lini. Pikipiki zenye kujua njia nyingine zilikuwapo, lakini mguu wa Mama usingeweza kukunjwa juu ya pikipiki hata kwa nusu saa. Wajomba na baba wadogo walikaa, wakaamua maziko ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mwili haungoji barabara.

Nilimpigia Mama kumweleza. Alisema kitu kimoja.

“Kitsa, nataka nimuone mbele ya udongo kumufunika. Na naye asikie sauti yangu. Ile tu.”

Nikamwahidi. Nilikuwa nimeshamwahidi Mama mambo mengi maishani, nyumba ya matofali, kwenda naye kuhiji Kisangani, kuoa mapema, na yote niliyaacha njiani. Hili lilikuwa kazi yangu hasa, mikononi mwangu. Nassoro alipopata habari alitoa ukumbi wake, akawahamisha watu wa mkutano wake wa Jumamosi, na hakutaka kusikia asante. Alisema kwa Waislamu na kwa Wakatoliki kifo ni kile kile. Bintiye Hadjara, anayeendesha ukumbi, angempokea Mama na jamaa zetu wote wa Beni. Kamera ingekuwa uani kwetu Butembo. Picha na sauti vingekwenda Beni. Na kipaza sauti na kamera ndogo vingekuwa juu ya meza mbele ya Mama, ili sauti yake itufikie nami nimwone kwenye kompyuta.

Nilipewa kazi ya pili pia, kuandika maisha ya marehemu. Kwetu karatasi hiyo husomwa kabla jeneza halijafungwa: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani. Mwisho msomaji hutaja watoto mmoja mmoja tangu wa kwanza, na kila anayetajwa husimama pale alipo, ili watu waone marehemu ameacha nini duniani. Niliandika ukurasa mmoja, safi, usio na maneno ya kujaza. Mjane mmoja, watoto sita, wajukuu kumi na tisa. Angesoma mdogo wangu Luc, ambaye aliacha seminari lakini sauti ya seminari haikumwacha.

Jumamosi saa tatu na nusu nilikuwa chini ya turubai uani, kompyuta mezani, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Baba alikuwa amelala hatua kumi kutoka kwangu. Sikumtazama. Nilijiambia nitamtazama nikimaliza kazi.

Niliwasha televisheni za Beni na kuzipelekea picha. Moja, OK. Mbili, OK. Ya tatu ikanirudishia takataka: nusu ya neno, alama za ajabu, herufi zilizokanyagana. Ya nne, OK. Kavira alikuwa kwenye simu. Aliniambia picha iko, inaonekana vizuri, na Mama ameshaona jeneza na ameweka mkono kifuani. Nikafungua sauti ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyobaki na sauti ndani ya ukumbi. Ile ya mwisho ilikuwa nje kwenye baraza.

Mluzi ulitoka Beni, ukapita kwenye kipaza sauti cha Mama, ukatufikia Butembo na kuwaamsha mbuzi wa jirani. Unajua sauti ya spika iliyosogezwa karibu na kipaza sauti, inavyojila yenyewe na kupanda. Kwenye kompyuta nilimwona Mama ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Nikaifunga. Kimya. Nikaifungua kidogo tu, mluzi ukarudi, mdogo lakini ule ule. Nikifungua, mluzi, nikifunga, ububu huku na kule, kwa kuwa nilizipanga sauti ya kwenda na ya kurudi zifunguke kwa pamoja. Na kila mara ya tatu inanijibu takataka.

Spika ya tatu niliijua vizuri. Ilikuwa ukutani kulia, mbali na meza ya Mama, haikuwa na sababu ya kupiga mluzi. Nikamlaani Nassoro na intaneti yake, nikamlaani Kasonia na vidole vyake, vyote kwa sauti ndogo kwa sababu padri alikuwa karibu. Kavira akaniambia Mama anauliza kama Baba atamsikia. Padri akatazama saa. Mjomba mkubwa akaja kuniinamia sikioni, akasema watu wamesimama juani, tuanze, mambo ya mashine yatafuata. Nilitaka kulia kama mtoto, si kwa ajili ya Baba, Mungu anisamehe, bali kwa sababu ahadi yenyewe niliyokuwa nikiiweza ilikuwa inanifia mkononi.

Papa Mathe akaja na kiti chake cha plastiki, akakaa kando yangu. Alisoma ule mstari wa takataka polepole, kama anavyosoma kila kitu. Akauliza ni namba gani inayojibu vile. Nikamwambia ya tatu.

“Ya tatu ilirudia,” alisema. “Niliitengeneza. Siku ya pili lori ya Nassoro ikaitwala, mbele bafunge barabara. Kasonia ameitundika leo asubui pale katikati, ili Mama yako aonage muzuri.”

Siku ya pili kwetu ni Jumanne, na Jumanne hiyo sikuwa karakana. Na yeye hakuona haja ya kuniambia, kwa kuwa alijua namba yake inaingoja mahali pake. Basi nikaelewa yote kwa mara moja. Tatu zilikuwa mbili sasa: ile ya kulia niliyoipa jina la mwenzake, na mwenyewe aliyerudi, juu kabisa ya kipaza sauti cha Mama. Nilipofungua moja nilifungua zote mbili, na nilipoifunga moja nilizifunga zote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikamwambia namba yake niliipa ya nne. Papa Mathe alivua kofia akaiweka gotini. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na kilichoniuma ni kwamba macho yake hayakuwa ya hasira.

“Weye Kitsa,” alisema. “Kati ya batu bote, ni weye?”

Nilidhani ananilaumu kama fundi. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri zaidi. Nilimpigia Hadjara nikamwomba ang'oe waya wa umeme wa televisheni ya katikati, ule Kasonia alioushusha asubuhi kwa rallonge, waya wa kurefushia umeme. Hadjara haulizi swali la pili, na kwa hilo namheshimu. Ya katikati ikazimika. Sasa kwenye waya ilibaki tatu moja tu, ile ya uongo. Nikaanza na wa mwisho, kama unavyowasogeza watoto kitandani ili aliyeamka apate nafasi yake. Ya nne, uwe tena ya tano. OK. Ya tatu, uwe tena ya nne. OK. Nikamwambia Hadjara arudishe umeme. Tulingoja, mimi na Papa Mathe, vichwa vimegusana mbele ya kioo. Nikaiita ya tatu.

OK. Neno moja, safi, la mmoja.

Nikaipa picha, nikaiziba sauti, nikafungua sauti ya nne kule ukutani kulia. Hapakuwa na mluzi. Kwenye spika za uani kwetu tulisikia kiti kikisogezwa Beni, mtoto akipiga chafya, kisha kikohozi ambacho ningekitambua popote. Watu wa uani waligeuka wote kutafuta Mama ametokea wapi.

Alimwita Baba kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia kinywani mwake. Alizungumza naye kwa Kinande, kwa muda mfupi, na maneno hayo sitayaandika kwa kuwa hayakuwa yangu. Nilichoahidi kilikuwa kimetimia. Ndipo nilipoweza kumtazama Baba, na nikalia kama nilivyotaka kulia tangu Jumatano.

Padri akasali. Luc akasimama na karatasi yangu. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, maharagwe, ndoa. Alisoma vizuri, watu walitikisa vichwa. Akafika chini.

“Anaacha mjane na batoto sita,” alisoma Luc.

“Munane,” ilisema spika.

Luc akaacha kusoma. Alinitazama mimi, kana kwamba ni kosa la mashine. Nami kwa sekunde moja niliitazama kompyuta nikitafuta wekundu.

“Luc, mwana wangu, batoto beko munane, hapana sita,” alisema Mama. Sauti yake haikupanda. “Nguru na Ndobya nilibazala mbele ya Kitsa. Tulibazika Kalunguta, miye na baba yenu, hapakuwa mutu mwengine. Kila mwaka alikuwa anaenda kubalimia pale juu. Muliambiwa ni maharagi. Leo anaenda kubakuta. Munataka amukute mutoto yake na amuambie, kule nyumbani hawakukuhesabu?”

Nilimwona Baba na gunia lake, jembe ndani yake, akipanda pikipiki kila mwaka kwenda kupalilia kaburi lao, na sisi tukicheka kwamba mzee anazeeka anasahau shamba limeuzwa. Miaka arobaini na moja nimeitwa Kitsa. Kila aliyeniita alikuwa anawataja wao kwanza, na mimi peke yangu ndiye sikusikia. Nikaona aibu kubwa, na ndani ya aibu nikaona kitu kama furaha, kwamba Baba yule wa maneno machache alikuwa anajibu miaka yote hiyo, kwa jembe.

Niliinuka nikamwendea Luc. Papa Mathe aliniletea kalamu aliyoichomoa mfukoni mwa shati lake, ile anayoandikia namba nyuma ya mashine. Nikafuta sita nikaandika nane. Kisha kati ya jina la Kavira na jina langu, mahali ambapo sikuwa nimeacha nafasi yoyote, nikayabana majina mawili kwa herufi ndogo. Yalisomeka.

Nikarudi kukaa mahali pangu. Luc akaanza tena tangu wa kwanza, polepole. Dada zangu wawili wa Butembo wakasimama mmoja baada ya mwingine. Alipotaja Kavira, kwenye kompyuta nilimwona akisimama Beni, mkono wake begani kwa Mama.

Luc akasoma Nguru, akangoja. Akasoma Ndobya, akangoja tena, muda ule ule aliowapa wengine. Kisha akasoma jina langu, nikasimama.